Mipopla ya Ergash Chini ya Bwawa

Ergash alilinda bwawa letu miaka thelathini na moja, na sikumsikia akijivunia bwawa hilo hata siku moja. Alijivunia mipopla. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake hupanda mipopla arobaini, ile miti mirefu iliyonyooka, ili kijana akifikia kuoa iwe boriti za nyumba yake. Mimi na Ergash tulipata wavulana mwaka mmoja, na kati yetu hakuna aliyekuwa na shamba la kutosha hata kumzika paka.

"Twende chini ya tuta la bwawa," akaniambia. "Kona ya kushoto. Majani huko yanabaki mabichi hadi vuli."

Tukaenda, yeye na miche arobaini, mimi na kumi niliyoimudu. Nikashika koleo. Sikuchimba sana, shimo likajaa maji.

"Ergash, haya si ndiyo yale yaliyoandikwa kibandani kwako?"

Ukutani mwa kibanda chake palikuwa na maandishi mekundu: maji yakionekana chini ya tuta, toa taarifa siku hiyo hiyo.

"Yale ni ya kuvuja, Mamasoli. Haya ni riziki."

Tukacheka. Mungu anisamehe kicheko kile. Tukakubaliana pia kwamba ile kumi yangu asiijue mtu, maana mimi si mlinzi na niliogopa kuulizwa.

Miti ikakua kuliko ya kijiji kizima. Kwenye mgahawa wa chai Ergash hakumwacha mtu apumue. "Kaka Rahmon, hiyo mipopla yako ni ya boriti au ya mishikaki?" Watu walimchukia kwa furaha, miaka ishirini na miwili.

Kiangazi kilichopita wakaja mainjinia. Bwawa lina miaka sitini, limejengwa kwa udongo, na ardhi yetu haikosi kutetemeka. Mkuu wao alikuwa binti mmoja, Feruza. Alituita, akajaza beseni mchanga uliolowa, akaweka tofali juu yake, kisha akaligonga beseni kwa ngumi mara kadhaa. Tofali likazama.

"Udongo mkavu unatikisika tu," akasema. "Uliolowa unageuka uji, na tuta linakaa juu ya uji. Kwa hiyo palipolowa tutachimba mifereji ya kutoa maji na kukandamiza kwa mawe. Palipo pakavu tunapaacha, mawe hayatoshi."

Kona ya kushoto alitoboa ardhi pembeni mwa miti kupima maji. Pakavu. Ulikuwa mwezi wa saba, na mipopla hamsini ilikuwa inakunywa.

"Mawe yataishia hapa, mzee," akamwambia Ergash. "Miti yako iko salama."

"Salama mpaka vuli," akadakia Sanjar, mwanawe, aliyepata kibarua kwenye mashine ya kutoboa. "Nikioa tunaiangusha yote."

Msingi wa nyumba yake ulikuwa umeshachimbwa, palepale bondeni chini ya bwawa. Nikaona uso wa Ergash ukimshuka. Miti ikiondoka, maji yatarudi, na mawe hayatakuwapo. Mimi pia nilielewa. Siku tatu hakuja mgahawani, nami nikamshukuru Mungu kwamba amenyamaza. Huo ndio ukweli wangu.

Siku ya nne nilikuwa nampelekea mkate kibandani nilipomkuta amesimama mbele ya Feruza.

"Binti yangu, toboa katikati ya miti, ndipo yanapochipukia. Maji yapo."

"Yapo tangu lini?"

Ergash akamwonyesha Sanjar kwa kidevu. "Tangu huyu azaliwe. Niliyaona, nikapanda miti."

Sanjar akaweka chini bomba alilokuwa amelishika. "Baba, nyumba yangu iko pale chini."

"Najua."

Feruza akanigeukia. "Na wewe mzee, ulijua?"

"Mimi nimeleta mkate tu," nikasema.

Akamrudia Ergash. "Na miti yote hii ni yako?"

Ergash akanitazama kitambo. Nikautazama mkate.

"Yote yangu," akasema.

Wakatoboa katikati ya miti. Maji yakaonekana kabla bomba halijafika mita mbili. Mifereji na mawe vikaongezwa hadi kona ile, na wiki hiyo hiyo Ergash akaachishwa kazi. Mgahawani Rahmon aliuliza, "Riziki imekauka?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kikombe changu cha chai mkononi. Naona haya kuliandika hili, lakini nilicheka.

Miti ikakatwa kupisha mawe. Sanjar alichukua arobaini yake akajenga juu kilimani. Kesho yake mkokoteni wa punda ukasimama mlangoni kwangu, na Ergash mwenyewe ndiye aliyeuendesha. Ulibeba magogo kumi, yameshamenywa magome.

"Haya yako," akasema.

Nilimkaribisha chai. Akasema punda ana haraka.

Mwanangu sasa ana nyumba. Kila Ijumaa huenda kula kwake, na baada ya chakula tunajinyoosha kwenye godoro. Boriti kumi ziko juu yetu, nyeupe, hakuna hata moja iliyopinda, na wageni huzisifu. Wenzangu hulala chali. Mimi hulala kiubavu, nimeelekea ukutani.