Moyo wa Mama Riziki

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa daktari kijana hapa Kampala, ndiyo kwanza nimepewa wanafunzi sita wa kuwafundisha wodini. Kwa kuwa wiki ijayo nawe unapewa wako, nisikilize kidogo.

Nilidhani kufundisha ni kusema sana. Na nilisema hasa! Nilisimama kando ya kitanda cha Mama Riziki, Mkongomani aliyekuwa akiuza vitenge katika soko la Owino. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umekakamaa tangu utotoni, na damu ikipita pale moyo ulitoa mngurumo wa chini sana. Nikaueleza mngurumo ule kwa maneno mazuri, kisha wanafunzi wakapokezana kipimo cha kusikilizia moyo, nami nikamwuliza kila mmoja, "Umesikia?"

Wote wakajibu, "Ndiyo, daktari." Hata wa mwisho, binti mmoja mpole aitwaye Nakato. Nikageuka niende kitanda cha pili.

"Dokta, ngoja," Mama Riziki akaniita. "Huyu mutoto hajasikia kitu. Anakuogopa wewe."

Uso ulinichoma. Mimi na shahada zangu, nasahihishwa na mgonjwa mbele ya watu! Nilitaka kumnyamazisha, Mungu anisamehe.

Yeye hakuningoja. Alijigeuza polepole akalalia ubavu wa kushoto, akihema, akamshika Nakato mkono na kukisogeza kile kipimo chini ya titi. "Miaka mingi munanipima," akasema. "Madaktari wakubwa wanaweka hapa. Sasa natoa pumzi yote. Wewe sikiliza tu, usiharakishe."

Akatoa pumzi, akatulia. Nikaona macho ya Nakato yakipanuka, kisha yakajaa machozi.

"Nimeusikia," akanong'ona. "Mama, nimeusikia moyo wako."

Mama yule pumzi zenyewe zilikuwa za kuhesabu, na alikuwa akimpa msichana asiyemjua! Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinitazama kama anayemhurumia mtu.

"Kesho atakuwa peke yake na mugonjwa kama mimi. Atasema tena ndiyo?"

Wale wengine watano wakaomba kurudia. Watatu wakakiri hawakuwa wamesikia chochote. Nilivuta kiti nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nikanyamaza.

Basi, mwanangu, usimwulize mwanafunzi kama amesikia. Mwulize amesikia nini. Neno "sijasikia" lisimtie mtu aibu mbele yako, maana anayeogopa kulisema kwako atalificha kwa mgonjwa. Na kabla ya kumgusa mgonjwa omba ruhusa, ukimaliza mshukuru, kwa sababu mwili ule ni wake na wewe umeazimwa tu.

Mungu akupe subira na sikio jepesi, na akujalie uishi uwaone wanafunzi wako wakikupita.