Mzee Ambindwile na Dirisha la Mkamwana

Mzee Ambindwile wa Bulyaga alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwezi wa pili, na mwezi wa saba alikuwa bado anavuja. Akikohoa, anavuja. Akiinuka kwenye kiti, anavuja. Daktari alimwambia itapungua taratibu, awe na subira. Basi yeye, mzee wa kanisa aliyewakaripia watu miaka thelathini kwa kuchelewa ibada, akaacha kwenda ibada kabisa. Aliwaambia watu mgongo unamsumbua. Mgongo wake ulikuwa mzima kuliko wa punda.

Akawa mfungwa wa kiti kimoja cha plastiki, kwa kuwa plastiki hufutika. Chai akaiacha, maji akawa anayaonja tu. Mkojo ulipungua kweli, lakini ukaanza kumchoma na kunuka zaidi. Wajukuu wakija kumparamia aliwafukuza kwa fimbo, kisha akabaki anajichukia.

Jumanne ikaja habari kutoka Suma kwamba mdogo wake Yohane amefariki, na maziko ni Alhamisi. Katika watoto wa baba yao alibaki yeye peke yake. Ndiye wa kukaa mbele ya wanaume tangu asubuhi, kupokea pole, na kusimama kaburini kumsemea marehemu. Asipokwenda, ukoo utasimulia hadi wajukuu wazeeke kwamba Ambindwile hakumzika nduguye. Akienda, atainuka kwenye benchi mbele ya ukoo huohuo, na suruali itasema yote.

Si kwamba hawakujaribu. Mkewe, Tupokigwe, alimkatia vitambaa vya kitenge, vikalowa kabla chungu cha maharage hakijachemka. Akamletea pedi za kike, nazo zilimwacha wazi palepale penye shida, maana hazikutengenezwa kwa ajili yake. Siku moja mzee alijikaza akaenda mwenyewe duka moja la dawa mtaa wa Bagamoyo, akanong'ona. Muuzaji, kijana Naseeb, akageukia stoo na kupaza sauti, "Pampasi za wazee zimebaki?" Wateja watatu walikuwa wamesimama pale. Mzee akanunua vidonge vya kichwa akaondoka.

Duka la dawa lenye kila kitu lilikuwa karibu na nyumbani kwake. Muuzaji wake, Winfrida, alisomea kazi hiyo na alikuwa na mdomo wa siri. Shida ni kwamba Winfrida alikuwa mke wa mwanawe, Obed.

Kwa Wanyakyusa wa kizamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Mwanamke akimwona mkwewe njiani, huingia migombani mpaka apite. Wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo, na Winfrida angeilegeza kwa furaha. Aliyeing'ang'ania ni mzee. Siku ya harusi alimtumia ujumbe bibi harusi kwamba usomi wake auache mlangoni. Miaka tisa binti wa watu hakuwahi hata kumwamkia. Komeo alilipiga mwenyewe, na sasa lilikuwa limemfungia yeye.

"Nikamwambie?" Tupokigwe aliuliza.

"Ukimwambia, usinipikie tena."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu."

"Kiniumbue, basi."

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mzee aliifurahia, kwa sababu kila suruali mjini ilikuwa imelowa. Akavaa koti refu, akashuka hadi duka la Winfrida, lakini hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha, akaligeuzia duka mgongo.

"Kuna mgonjwa," aliiambia barabara.

Sauti ya Winfrida ikatoka nyuma ya rafu. "Ni mwanamume?"

"Mwanamume. Alitolewa tezi."

"Anavuja muda wote, au akikohoa na kuinuka?"

"Akikohoa. Akiinuka. Usiku ana nafuu." Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. "Kesho ana msiba. Atakaa kutwa mbele za watu."

"Pampasi nzito zinabeba mkojo mwingi, lakini suruali itatuna. Kuna mpira wa kuvalisha mbele, una mrija unaoshuka kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Huo usipokuwa wa saizi yake huchomoka, na kupima kunataka mtu." Akaliruka hilo haraka. "Kuna pedi za kiume, pana kwa mbele, zinakaa ndani ya chupi inayobana. Kwa huyo mgonjwa ningechagua hizi. Abadili kila baada ya saa tatu, nyingine aweke mfukoni. Avae suruali nyeusi. Na maji anywe, asiyaogope."

Mkono ukatoa dirishani furushi lililofungwa kwa gazeti. Mzee akalipokea. Alikuwa amepata alichokifuata, na mila haikuvunjika hata chembe, kwa kuwa yeye alisema na barabara, na waliyekuwa wakimzungumzia ni mgonjwa asiye na jina. Angeweza kwenda zake. Lakini hakuwahi kuisikia sauti ile kwa karibu hivyo. Miaka tisa alimdhania ana majivuno, kumbe anaongea kwa upole namna hii, na haya ikamshika kuliko ya mkojo.

"Mgonjwa ni mimi," akasema.

"Najua, baba. Hizo pedi niliziagiza mwezi wa tatu. Nilikuwa nasubiri mtu aje kuziulizia." Kisha akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga fijo," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Akainuka, na mkojo ukamtoka, ukamshuka mguuni hadi ndani ya buti. Safari hii hakukimbia. Alisimama pale na furushi lake kifuani, uso barabarani, akauliza kama humo ndani kuna mahali pa kubadilishia.