Matairi ya Theluji Njia ya Sinaw

"Meno haya ya kuuma nini?"

Shangazi yangu Zuwena aliniuliza hivyo mjini Ibra, ukingoni mwa jangwa, ameinama kando ya gari langu, kidole kimezama kwenye tairi. Nakumbuka, mwanangu, kwamba mchanga sikuujua. Nilikuwa na shahada tu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimerudi masomoni Ulaya, na gari likanifuata kwa meli na matairi yake ya theluji. Nikawaza: theluji laini, mchanga laini, tofauti iko wapi? Nilihoji kila kitu siku zile, isipokuwa fikra zangu mwenyewe.

Kesho yake nilikuwa nimpeleke Shangazi Sinaw kumwona dada yake, ambaye hakuonana naye tangu walipoondoka Unguja. Dada huyo alikuwa mgeni pale, na siku hiyo hiyo baada ya Alasiri angerudi kwake Dubai.

"Nenda kwa fundi akufungie matairi mapana ya mchangani," akasema Shangazi.

"Shangazi, haya yamepita kwenye theluji ya magoti."

"Na shitaa yetu hii, kipupwe chetu, ina theluji wapi, bibi wee?"

Nikacheka, na kulipokucha nikaondoka nayo hivyo hivyo.

Karibu na Sinaw nikaiacha barabara, nikafuata njia ya mkato ya Mabedui. Matairi yakaanza kuchimba. Nikakanyaga mafuta, yakachimba zaidi, mpaka gari likakalia tumbo. Alasiri ikaingia. Shangazi aliswali pale pale mchangani, kisha akaniambia kwa upole, "Punguza upepo, matairi yalale. Halafu ondoka taratibu, kama umebeba mtoto aliyesinzia."

Tukachota mchanga kwa kifuniko cha sufuria ya pilau aliyompikia dada yake. Gari likatoka. Tulifika wakati wa Magharibi, nami nalia kwa aibu. Dada yake alikuwa bado yupo, amekaa barazani. Walikumbatiana muda mrefu, mimi nimesimama na sufuria.

Mwanangu, usichague tairi kwa ukali wa meno yake wala kwa sifa za lilikotoka. Jiulize kwanza gari litakanyaga nini: lami ya Bidbid, mawe ya mlimani Al Hamra, au mchanga. Kisha muulize anayeishi hapo, na umwache amalize kusema. Mungu akunyooshee njia, akufikishe kwa uwapendao wakiwa bado wanakungoja.

Shangazi alipokwisha kufariki ndipo dada yake aliponieleza. Siku ile ile ya ubishi wetu, Shangazi alimpelekea salamu kutoka Ibra: aahirishe safari kwa siku moja, "dereva wangu amesoma sana."