Pete ya Vipande Kumi na Viwili

Mizushima Fumie hakumwamini mtu. Maziwa ya jikoni aliyanusa hata kama pakiti imefunguliwa mbele ya macho yake. Vichupa vyake kwenye jokofu la maabara alivifunga kwa utepe, kisha akapitisha mstari wa kalamu juu ya kiungo cha utepe, ili mkono wa mtu ukigusa tu ajue. Nimekaa naye meza kwa meza hapa Tsukuba miaka mingi na ndani ya droo yake sijawahi kupaona. Nilimpenda, ila alichosha.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa tatu. Sensei Hiraiwa, mkuu wetu, alimwahidi kazi ya kudumu akithibitisha jambo moja: kwamba ametengeneza pete ya vipande kumi na viwili.

Protini tunayoichunguza hujipanga yenyewe kuwa pete ya vipande kumi na kimoja. Kila kipande humgeukia jirani yake kwa pembe yake, na pembe hiyo ndiyo inayoifunga pete kwenye kumi na kimoja. Fumie alivifunga vipande vitatu vitatu kwa kamba fupi ya protini. Kumi na moja haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo pete ingelazimika kuongeza kimoja. Picha za hadubini nilizompigia zilionyesha vipande kumi na viwili, vyenye ukungu kidogo, lakini vinahesabika. Sote tulimpongeza.

Kisha akaja Nagase kutoka Sapporo, kijana mpole mno. Siku ya kwanza aliweka biskuti za kwao kwenye kila meza, kama desturi yetu. Fumie alisukuma yake kwangu.

"Kula wewe. Mtu anayecheka na kila mtu ana lake moyoni."

Sensei alimtuma Nagase arudie kazi ya Fumie kabla ya mkutano wa Kyoto. Akarudi na kumi na kimoja.

Fumie hakupiga kelele. Alisubiri saa ya chai, watu wote wamekaa, ndipo akasema, "Nagase-san, kichupa changu ulikibadilisha lini?"

Nagase akaweka kikombe chini. "Sijabadilisha kitu, Mizushima-san."

"Umeweka pete ya asili, ukapiga picha, ukampelekea Sensei. Nafasi ni moja na wewe unaitaka."

"Mimi nashangaa joto tu," Nagase akasema, sauti imeshuka. "Pete iliyolazimishwa kuongeza kipande, viungo vyake vyote vimejikaza. Ingetakiwa ivunjike mapema. Yako inavumilia maji ya moto sawasawa na ya asili."

"Sasa kosa langu ni kwamba imetoka imara?"

Watu wakacheka kwa aibu. Nami, nakiri, nilianza kumtazama Nagase kwa jicho la pembeni. Wasiwasi wa Fumie ulikuwa unaambukiza kama mafua.

Basi Fumie akadai kazi ifanyike upya, hadharani. Kichupa alikitoa yeye mwenyewe, utepe haujaguswa. Aliketi nami mbele ya hadubini, na hata nilipokwenda haja alinisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Picha zilipokamilika tukakusanyika chumba cha mkutano, na Nagase akakaa kwenye kompyuta.

Kompyuta ina kisanduku kinachouliza pete ina vipande vingapi. Ukijibu, inavichukulia vyote kuwa ndugu wanaofanana, inavilaza kimoja juu ya kingine na kukupa sura safi. Lakini ni mtumwa mtiifu: ukiiambia idadi ya uongo, itakuchorea uongo huo huo.

Kisanduku kilikuwa bado na namba ya Fumie. Kumi na mbili.

"Nafuta," Nagase akasema. "Tusiiambie kitu. Ihesabu yenyewe."

"Futa," Fumie akajibu. "Kweli haiogopi."

Pete ikajitokeza taratibu kwenye ukuta, kubwa, haina ukungu. Fumie akasimama akaenda kuhesabu kwa kidole. Akafika kumi na kimoja. Akaanza upya upande wa pili, midomo ikitembea, nasi tukitamani kuwa kwingine. Kumi na kimoja.

"Kamba zimekatika," Sensei akasema. "Vimeng'enya vya bakteria wanaotutengenezea protini vimezikata humo humo ndani ya kichupa. Vipande vikapata uhuru, vikarudi kwenye pembe yao."

"Ile kumi na mbili kwenye kisanduku..." Fumie akaanza.

Aliiandika yeye, tangu picha ya kwanza, na kompyuta ikamtii. Roho iliniuma. Mtu aliyeshuku hata maziwa, mkono wake mwenyewe hakuushuku.

Alimgeukia Nagase akainama sana, akabaki ameinama hivyo. "Nimekuita mwizi mbele ya watu. Naomba radhi." Nagase naye akainama, hakujua aangalie wapi.

Fumie akamtazama Sensei. Sensei akakusanya karatasi zake, akatoka bila neno. Kwetu mkubwa akinyamaza, amekwisha kujibu.

Tulibaki wawili chumbani. Nikamshika bega.

"Wewe ndiye uliyekuwa unapiga picha zangu," akasema. "Ulijua?"

"Sikujua, Fumie. Naapa."

Nilisema kweli tupu. Akautoa mkono wangu begani, polepole, na nikaona haniamini.