Mume Wangu Anataka Nimfundishe Mke Mdogo Kucheza Karata Naye

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto wanne, na ninaishi Nyeri mjini. Nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu kwa sababu hapa tunajuana, na mume wangu ni mtu mkubwa ofisini. Someni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Uhuru ulipokuja, ile klabu ya wazungu ilianza kupokea watu weusi, na mume wangu alikuwa kati ya wale wa kwanza kuingia. Akagundua kwamba wakubwa hawaongei mambo ya maana ofisini. Wanayaongea kwenye meza ya briji. Basi akanunua kitabu, akajifunza mchezo huo wa karata, kisha akanifundisha mimi, maana wanaocheza ni wanne, wawili wawili, naye alihitaji mwenzake. Mimi niliyezoea kukamua ng'ombe kwetu Tetu nikajikuta nimevaa viatu vya kisigino, nimeshika karata kumi na tatu, nikicheka vichekesho nisivyovielewa.

Kwa msiojua, mwenzako anakaa ng'ambo ya meza na hamruhusiwi kuonyeshana karata wala kukonyezana. Mnasemezana kwa kutaja namba na aina ya karata tu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mnavyoahidi kushinda mara nyingi zaidi, na msipotimiza mmeanguka. Yeye anafungua, tuseme moja kopa. Wewe unamjibu, tuseme moja shupaza. Halafu anataja mara ya pili, na hapo ndipo anakuambia ukweli wa karata zake. Akisema mbili kopa, hana nguvu nyingi. Akisema tatu kopa, ana nguvu, na kitabu kinakuambia umpandishe mpaka nne ikiwa na wewe una karata za kutosha.

Sasa mume wangu hawezi kusema mbili. Hawezi kabisa! Aonekane mdogo mbele ya wazungu? Hata akipewa takataka atasema tatu. Niliona hivyo mapema, kwa hiyo kila aliporuka mpaka tatu, mimi nilisema pasi, yaani sipandishi, tukaishia hapo salama. Tukawa tunashinda, wanamsifu, yeye anavimba. Sikumwambia hata siku moja. Mwanamume kama huyu ukimwambia jambo kama hilo, utalala wapi?

Jumamosi moja tulicheza na bosi wake kutoka Nairobi. Mume wangu akasema tatu kopa, nikasema pasi kama kawaida. Kumbe siku hiyo alikuwa nazo kweli! Tukakosa ushindi mkubwa. Alitupa karata mezani akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Huyu nilimtoa Tetu akinuka maziwa. Nimemvalisha, nimemfundisha Kiingereza, na bado kichwa yake iko kwa ng'ombe." Bosi akacheka. Mke wa bosi akacheka. Hata mhudumu aliyeleta chai aliinamisha uso ili nisione meno yake. Na mimi nikacheka pamoja nao, na hicho kicheko changu ndicho kinaniuma kuliko maneno yake.

Wiki iliyofuata akaniambia ameona msichana. Anapiga taipu ofisini kwake, amesoma, na kwao ni Mukurweini. Nitamwita Nyambura, na mimi mniite Mama Wangui. Nikamkumbusha mume wangu kwamba tulifunga ndoa kanisani.

"Mama Wangui, usiniletee mambo ya kanisa," akasema. "Mama yangu alipoletewa mke mdogo, si alimpa mbegu na akamwonyesha mpaka ya shamba? Hiyo ndiyo kazi ya mke mkubwa. Wewe huna shamba ya kumwonyesha. Utamfundisha karata."

Bosi anarudi Jumamosi ijayo, klabu yetu itakaposhindana na ya Nanyuki. Nyambura ndiye atakayekaa mbele ya mume wangu. Wakishinda, mbuzi wa mahari wanapelekwa Mukurweini. "Na wewe utakuja kusaidia kumimina chai," akaniambia, huku anafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo kila jioni msichana huyo akitoka kazini anakaa kwenye meza yangu, na mimi namfundisha. Nilitaka awe mjeuri nimchukie vizuri. Si mjeuri. Anaosha vikombe, anambeba mtoto wangu mdogo, ananiita Mama Wangui kwa heshima zote. Lakini juzi aliniambia, bila ubaya wowote, "Baba Wangui alisema wewe huogopa sana. Mimi siwezi kuogopa." Nikamwambia ni vizuri.

Jana akauliza, "Mama Wangui, sasa akifungua moja kopa, nimjibu moja shupaza, halafu aseme tatu kopa, mimi nifanye nini?"

Nikamwambia maji ya chai yamechemka, nikaenda jikoni, nikasimama huko mpaka aliponiita.

Wasomaji, nikimwambia afuate kitabu, sitakuwa nimemdanganya hata neno moja. Atampandisha mpaka nne, wataanguka mbele ya bosi na mbele ya Nanyuki yote, na mume wangu atatupa karata mezani amwambie ananuka ndizi za Mukurweini. Mimi nitakuwa nimesimama hapo na birika. Nikimwambia ninachokijua mimi peke yangu, kwamba aseme pasi kila mume wangu akijidai kwa tatu, watashinda, na nitakuwa nimempa mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Msiniambie nisamehe, mchungaji ameshaniambia. Msiniambie niombe, ninaomba. Nyambura anakuja leo jioni na atauliza tena. Nikifunga macho naona sura yake siku hiyo ya Jumamosi, akicheka pamoja na wanaomcheka, na kusema kweli sijui kama ninaionea huruma au ninaingojea kwa hamu.

Nishaurini, nifanye nini?