Mshumaa Nyuma ya Boila

Mashine yangu ilikuwa mapipa mawili ya chuma, marefu kuliko mimi, yaliyojaa punje nyeupe ndogo kama mtama. Tuliyasimamisha nyuma ya kiwanda cha chai kule Boito, ambako mama yangu hupeleka majani yake tangu sijazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kuyapitishia moshi wa boila, kupima hewa ya kaboni inayonaswa, kisha kuwaambia wakulima kama inafaa wanunue mashine kamili. Mama alishatangaza kanisani kwamba msichana wake amekuja kukamata moshi. Nilimwomba anyamaze kidogo. Wapi.

Alikuja amevaa gambuti zake za mpira, moja kwa moja kutoka shambani, akitaka kujua punje zinashikaje kitu kisichoonekana. Nikamkumbusha kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na ule unga wa mkaa anaopaka ndani kabla ya kumimina maziwa. Nikamweleza kwamba mkaa una vitundu vidogo mno, na harufu ikiingia humo inang'ang'ania ukutani. Punje zangu ni hivyo hivyo, ila zenyewe zinapenda kaboni. Ukizipasha moto zinaiachilia, unaanza upya.

"Sawa," akasema. "Nionyeshe sasa."

Nikapasha pipa moja, nikaielekeza hewa iliyotoka humo iingie kwenye sufuria. Ukiangalia, sufuria ilikuwa tupu kabisa. Nikashusha mshumaa unaowaka. Moto ulikufa kabla haujafika katikati, na moshi wake ukajilaza bapa juu ya ile hewa, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nimeiona hiyo maabarani mara nyingi na bado mwili hunisisimka. Hebu fikiria: mti wa blugamu umevuta hewa miaka yote hiyo pale kilimani, asubuhi umechomwa kwenye boila, na sasa ile hewa yake imetulia ndani ya sufuria ya kupikia ugali. Mama, ambaye si mtu wa kushangazwa na lolote, aliinama akachungulia ndani ya sufuria, kisha akachungulia tena.

Ingeishia hapo ningelala vizuri. Lakini mvua ilikuja, na huku kwetu mvua haibishi hodi. Kuni zikalowa, moshi ukaanza kutoka na mvuke mwingi, na punje zangu, wasaliti wakubwa, zikapenda mvuke kuliko kaboni. Vitundu vikajaa maji. Kuukausha moshi kwanza kulitaka joto, na kuzipasha punje kulitaka joto, na joto lote hilo linatoka kwa boila ile ile inayokausha chai. Nilirudia hesabu hadi nikachoka kuikasirikia. Mashine ilifanya kazi, tena siku za jua ilifanya maajabu, lakini msimu wa mvua tungechoma kuni zaidi ili kukamata moshi wa kuni. Na gharama ya kuni hizo ingekatwa kwenye malipo ya bonasi ya mkulima.

Kampuni iliyonituma ilikuwa imesema wazi: wakulima wakikataa, mapipa yanarudi, na kazi yangu inaisha nayo. Jioni kabla ya mkutano, mama alikuwa akikama ng'ombe nikiwa nimemshikia taa.

"Kama haya majani yangekuwa yako," akaniuliza bila kugeuka, "ungelipa?"

Nilijua ningesema ndiyo, angeinua mkono, na nusu ya kanisa ingemfuata.

"Singelipa, Mama. Si kwa mvua hii."

Akaendelea kukama.

Mkutanoni nilisema hivyo hivyo. Mwenyekiti akauliza nani anataka tusinunue. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mama yangu, pale mbele kabisa, umenyooka. Mimi ndiye niliyemwambia, na bado uliniuma, mbona nidanganye. Wengine wakainua yao baada yake.

Watu walipotawanyika nilienda nyuma kufunga mapipa, nimekasirikia kila kitu, hadi mawingu. Nikasikia gambuti zikija kwenye matope. Mama alifungua mkoba wake wa kanisani, akatoa kiberiti na mshumaa mpya, bado uko ndani ya karatasi. Alikuwa ameubeba tangu asubuhi.

"Kabla hawajayachukua," akasema, "nionyeshe tena."