Mgonjwa Wetu wa Saa Tisa

Sista alipofika Tunduma alikuwa na lugha moja nzima na vipande vya nyingine mbili. Nzima ilikuwa Kihispania, lugha ya kwao Amerika ya Kusini. Vipande vilikuwa vya Kiingereza alichokisoma kwa haraka kabla ya safari, na Kiswahili cha salamu tu. Alikuwa mkunga. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mikono kama ile: mtoto aliyekaa vibaya tumboni alimgeuza taratibu, huku akimtazama mama usoni, mpaka mama mwenyewe akasahau kuogopa. Lakini mikono haiulizi maswali, na zahanati inaendeshwa kwa maswali.

Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati hiyo ya masista. Nilitoka Isansa, kwenye kahawa na mahindi ya wazazi wangu, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na hamu ya kusomea uuguzi. Ilikuwa miaka ya tisini. Sisi bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya, biashara imefunguliwa, na Tunduma ilikuwa inavimba kila mwezi: malori barabarani, wabadilisha fedha kwenye viti vya plastiki, vitenge kutoka ng'ambo, vumbi juu ya kila kitu. Mtu yeyote aliyeugua kati ya malori hayo alitufikia.

Wiki yake ya kwanza alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka bonde la Momba, ameshika tumbo. Sista akambonyeza chini ya mbavu, akauliza kwa upole, "Dolor? Dolor, baba?"

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, mwambie mama dola mimi sina. Hao wenye dola wako pale barabarani. Kama anapokea mbuzi, nitarudi Jumamosi."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kumweleza Sista kulichukua muda, maana ilibidi nimwonyeshe kwanza dola ni nini, kisha tumbo, kisha uso wa mtu anayeumia. Alipoelewa kwamba "maumivu" ya kwao yamegeuka kuwa fedha za kigeni, alicheka kuliko mimi. Halafu akaacha kucheka, akaniomba nimfundishe palepale kumuuliza mzee anaumwa wapi. Akarudia, akarudia, kisha akamgeukia mzee. "Baba, unaumwa wapi?" Mzee akanyoosha kidole, akafurahi kana kwamba ameshapewa dawa.

Ndivyo tulivyoanza kufundishana. Tukiwa tunachemsha mabomba ya sindano, yeye alinipa neno na mimi nikampa lingine. Nilijifunza kumwambia mama mjamzito avute pumzi, asukume, apumzike, vyote kwa Kihispania, ingawa hakuna mjamzito hata mmoja wa Tunduma aliyekihitaji. Nilikihitaji mimi, ili Sista akiniita wakati wa kuzalisha nisibaki nimeduwaa. Naye siku moja alinisikia nikimwambia mgonjwa, "Meza," akaenda kutuletea meza. Kwao meza ni mesa, basi alifikiri neno hilo moja angalau halimsumbui. Akabaki ameishikilia pale mlangoni huku mgonjwa akinywa kidonge chake.

Kilichotushinda sote wawili ni Kiingereza. Dawa ziliandikwa Kiingereza. Wanawake wa Nakonde, upande wa Zambia, walivuka mpaka kuja kujifungulia kwetu, na wengi wao Kiswahili chao kiliishia sokoni. Madereva walitoka hata Zimbabwe. Na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba katika usaili wa chuo cha uuguzi nitaulizwa kwa Kiingereza. Kukisoma nilikisoma. Kinywa ndicho kilichogoma.

Kando ya zahanati masista walikuwa na chekechea, na asubuhi, kabla ya uji, Sista alikuwa anawaimbisha watoto majina ya vitu kwa Kiingereza. "Dis is e tebol!" Watoto wakaitikia kwa nguvu, "Dis is e tebol!" Siku moja niliona mwanamke mrefu amesimama dirishani akisikiliza. Alivaa chitenge kilichopigwa pasi na viatu vyeusi vinavyong'aa. Jinsi alivyovifikisha pale bila vumbi sijui mpaka leo. Alikuwa amemleta mjukuu wake. Alikuwa mwalimu mstaafu, amefundisha shule za msingi kwenye miji ya migodi ya Zambia, kisha akarudi kwao Nakonde kupumzika. Sisi tulimwita Bamayo, kama wenyeji wa upande wake wanavyomwita mama wa heshima.

Alingoja wimbo uishe, akaingia.

"Samahani, Sista. Nani anawafundisha watoto hawa Kiingereza?"

"Mimi," akasema Sista kwa furaha.

"Na wewe unafundishwa na nani?"

Sista akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Basi saa tisa," akasema Bamayo. "Watoto wakiondoka. Na huyu nesi naye aje."

Tulifika saa tisa na madaftari na kalamu. Akatuambia tuviweke dirishani. Vile viti vya chekechea vilikuwa vidogo mno, magoti yalitufika kidevuni, na mjukuu wake alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni. Bamayo akatandika kitenge kingine sakafuni, akavua viatu, akajilaza chali, akafumba macho.

"Mimi ni mgonjwa," akasema kwa Kiingereza. "Nimetoka Nakonde kwa miguu. Nihudumieni."

Nikajikaza. "What is your problem?"

Akafumbua jicho moja. "Shida yangu ni kwamba hujanisalimia."

Hilo ndilo lilikuwa darasa. Kila siku aliugua ugonjwa mwingine na kuwa mtu mwingine. Leo mama mwenye mtoto anayeharisha, kesho dereva mwenye ugonjwa wa aibu asiyetaka kusema ulipo, keshokutwa bibi kiziwi. Ukiuliza vibaya alijibu vibaya. Ukitumia neno la kitabuni, alinyanyuka na kuuliza ni mgonjwa gani atakayelielewa. Wakati mwingine alikosea kwa makusudi aone kama tuko macho. Nusu ya pili ya darasa alikuwa mtoto wa chekechea asiyetaka kuketi, na Sista alitakiwa kumketisha kwa Kiingereza bila kumshika. Mwanamke wa umri ule alizunguka chumba akijificha nyuma ya kabati, nasi tukimfuata kwa "please sit down" za kila namna, mpaka Sista alipogundua kwamba sauti ya chini inafika mbali zaidi. Bamayo akaketi mara moja. "Sasa huyo ni mwalimu," akasema.

Sheria yake ilikuwa moja: ndani ya chumba kile ni Kiingereza tu. Akishavuka kizingiti alirudi kuwa mama wa mpakani, Kiswahili na Kibemba katika sentensi moja, akitutania hadi njia panda. Ndani, hapana. Hata alipojigonga kwenye kabati siku moja alilia kwa Kiingereza.

Ndiyo maana siku ile nilipaswa kujua mapema.

Ilikuwa Julai, na upepo wa Tunduma wa Julai unauma kama maji ya mtoni. Bamayo alikuja amechelewa, akajilaza kama kawaida, na mimi nikaanza. Nilimsalimia. Nilijitambulisha. Nikamuuliza ana maumivu wapi.

"My head," akasema polepole. "My head are heavy."

Nilidhani ni mtego wake. "Is!" nikasema kwa majivuno. "My head is heavy."

Sista akacheka, akanipigia makofi. Bamayo hakucheka. Alisema kitu kingine, na kilikuwa Kibemba. Nilinasa neno moja tu, mayo, mama. Nikawa bado nangoja aniambie kama nimepata au nimekosa. Sista alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kile kiti kidogo na kupiga magoti. Aliuweka mkono kwenye paji la uso la Bamayo, akaninyooshea kiganja. Kilikuwa kimelowa jasho, katika baridi ile.

"Mama? Mama, unanisikia?" akauliza. Bamayo alimtazama kama mtu anayemtafuta mwenzake sokoni.

Hapo Sista akapoteza Kiswahili na Kiingereza vyote kwa pamoja. "Azúcar!" akapiga kelele. "Azúcar, hija, rápido!"

Hija, binti, na rápido, haraka, nilikuwa nayajua; azúcar hakuwahi kunifundisha. Lakini lilifika masikioni mwangu likiwa karibu kabisa na letu, sukari, na miguu yangu ilielewa kabla yangu. Nilikimbia hadi jiko la chekechea. Mpishi wa uji alikuwa amefunga, nikamfuata bombani, nikamnyang'anya ufunguo bila salamu, nikarudi na kopo la sukari na kikombe cha plastiki cha mtoto. Tukakoroga. Sista alimkalisha Bamayo, akamwegemeza kifuani kwake, akaona kwanza kama anaweza kunywa. Kisha akamnong'oneza, "Meza, Mama. Meza kidogo kidogo." Kiswahili kilikuwa kimemrudia.

Akameza. Tukangoja. Nje watu waliendelea na biashara zao, lori likapiga honi. Nilimshika mkono Bamayo na kuhisi unatetemeka, halafu kutetemeka kukapungua, halafu vidole vyake vikanibana. Alimtazama mjukuu wake kwanza, aliyekuwa amelala vilevile kwenye mkeka. Kisha akanitazama mimi.

"Is," akasema. "My head is heavy. You were correct."

Sista akaanza kulia.

Tulikuja kujua kwamba Bamayo alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi na hakutuambia. Siku hiyo alimeza vidonge vyake asubuhi, akashughulika na mambo ya nyumbani, akaona atachelewa darasa, akavuka mpaka bila kula, sukari mwilini ikashuka. Alisema hakutaka kutukosesha somo. Hapo Sista alikasirika, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika. Alimgombeza kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kibovu kuliko cha siku ya kwanza, kila kitenzi kimepinda, "you no eat, you walking, you want to die in my school!" Bamayo, ambaye hakuwahi kuacha kosa hata moja lipite, aliyaacha yote yapite. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kikombe cha mtoto mikononi. Mpaka leo nikifikiria heshima nafikiria kile kichwa kilichoinama.

Sista alipomaliza, Bamayo akapangusa mdomo, akaniuliza, "Na wewe. Swali gani hukuniuliza?"

Nikafikiri. "When did you eat?"

"When did you last eat," akasema. "Kuanzia kesho mtamuuliza kila mgonjwa."

"Na kuanzia kesho wewe unakula uji na watoto," akasema Sista, kwa Kiswahili, ndani ya chumba. Bamayo hakumkemea. Jioni ile tulimsindikiza hadi kwake Nakonde, Sista akimbeba mjukuu mgongoni. Tulitaka kumshika mkono njiani. Alikataa.

Kesho yake alikuja mapema, akaketi kati ya watoto kwenye kiti kidogo na bakuli lake. Aliendelea hivyo. Wazazi waliochelewa kuwaleta watoto walimsalimia akiwa na uji mdomoni, naye alimeza kwanza ndipo akaitika.

Mwaka uliofuata niliitwa kwenye usaili. Walikuwa watatu nyuma ya meza moja ndefu. Waliuliza mambo ya kitabuni, nikajibu ya kutosha. Kisha mama mmoja aliyekaa katikati akasema, "Chukulia mimi ni mgonjwa, nimekuja sasa hivi." Wenzangu waliotangulia, nilisikia baadaye, walianza kutaja dalili za magonjwa. Mimi nilimsalimia. Nikamwambia jina langu, nikamuuliza lake, nikamuuliza anaumwa wapi na tangu lini, na amekula saa ngapi mara ya mwisho. Kinyiha changu, lugha ya kwetu Isansa, kilisikika katika kila neno la Kiingereza. Yule mama aliweka kalamu chini na kunijibu hadi mwisho, kama mgonjwa kweli.

Nilipokuwa chuoni, Sista alihamishwa na shirika lake kwenda nchi nyingine. Niliambiwa kwamba kwenye misa ya kumuaga alizungumza lugha tatu bila karatasi, na kwamba Bamayo alikaa mstari wa mbele, viatu vikimeta. Bamayo aliwafundisha walimu wa chekechea na wahudumu wapya wa zahanati mpaka miguu ilipokataa kuvuka mpaka, na baada ya hapo wao ndio waliovuka kumfuata. Nilimtembelea kila likizo. Alifariki nyumbani kwake, wanawe wakiwa wamemzunguka.

Mimi nilipangiwa Itumba, milimani Ileje. Nilifika nikidhani nimemaliza lugha. Wiki ya kwanza aliletwa bibi mwenye nimonia asiyejua Kiswahili hata kidogo, Kindali tu, na mwanawe aliyemleta alikuwa ameshapanda Hiace kurudi kijijini. Nilisimama kando ya kitanda chake na vyeti vyangu vyote. Kisha nikavuta kigoda, nikamwomba mama wa kitanda cha jirani anifundishe kumuuliza bibi anaumwa wapi. Akanifundisha. Nikauliza. Wodi nzima ikacheka, na bibi naye, pamoja na kukohoa kwake, akacheka, akanitamkia neno lenyewe taratibu, akinionyesha mdomo wake unavyokaa. Nikajaribu tena. Akatikisa kichwa, akanirudisha mwanzo.